Mafiga Niliyoyaacha Pumwani

Vudee, jioni

Mwanangu Eliamani,

Asubuhi umeniuliza tena ile nyumba tuliyokaa Nairobi ni ya nani na iko upande gani, nami nimekujibu kama nilivyokujibu juzi, kwamba nimesahau. Sijasahau. Naweza kukuchorea mlango wake, nyufa za ukuta wake na mahali paa lilipokuwa likivuja. Jina la mwenye nyumba nalijua kuliko ninavyolijua la mchungaji wetu. Nimekuficha kwa sababu ya wivu, na wivu wenyewe nilianza kuulea kabla sijaanza kukulea wewe.

Usimlaumu baba yako. Kila ulipomuuliza alikwambia, "Muulize mama yako," kisha akatoka kwenda kuhangaika na zizi la mbuzi. Tuliporudi huku mlimani nilimwapisha kwamba jina la mwanamke yule mwenye nyumba halitatajwa ndani ya nyumba hii, naye ameshika kiapo chake mpaka leo. Hata sasa, wakati wewe umekwenda kuaga kwa wajomba zako, yeye yuko nje anagonga misumari kwenye zizi lisilo na kasoro yoyote. Anasubiri kuona kama kweli nitakuacha uondoke hivihivi.

Kesho unashuka Same kupanda treni. Kazi umeipata kwa yule Mhindi mwenye karakana ya samani, na mkono wako wa useremala naujua, sina wasiwasi nao. Lakini amekutumia neno kwamba hatakuchukua mpaka uwe na mahali pa kulala panapojulikana kwenye ofisi ya lokesheni, ile mitaa waliyotengewa Waafrika, na mwenye nyumba wa kusema kwamba wewe ni mpangaji wake. Wewe unasema utalala chini ya meza ya karakana mpaka upate chumba. Mwanangu, karani hawezi kuandika kwamba mtu anakaa chini ya meza. Atakwambia urudi ulikotoka, nafasi atapewa mwingine, nami nitakuona unapanda huo mlima na sanduku lako kichwani huku nikijua nani aliyekurudisha. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Shangazi yako amekwisha kukueleza habari za blanketi na kwinini, baba yako habari za wezi wa stesheni, na mwinjilisti amekushika sikio kuhusu ibada. Mimi nataka kukueleza jinsi mtu anavyoweza kupata mahali pazuri pa kukaa katika mji wa watu, kisha akapapoteza kwa sababu ya roho yake mwenyewe.

Nilipoolewa, baba yako alikuwa tayari Nairobi, akifanya kazi ya udobi. Alirudi kwa harusi, akakaa kidogo, akaondoka tena, nami nikabaki kwa mama mkwe. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, kwa hiyo barua zangu niliziandika mwenyewe. Lakini bahasha ilinitesa. Baba yako aliniambia barua zisiende kwa tajiri wake, ziende nyumbani anakopanga. Kwa hiyo kila nilipotaka kumwandikia mume wangu, ilinibidi kwanza niandike juu kabisa, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, "Kwa Bi Zena binti Salimu, Pumwani," na jina lake yeye lije chini. Mke mpya, ananukia bado mafuta ya harusi, anaandika jina la mwanamke mwingine juu ya jina la mumewe. Nilikuwa nikikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Baba yako aliponitumia neno nimfuate, sikwenda mikono mitupu. Mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona, alishuka mtoni akanichagulia mawe matatu ya mafiga. Kwetu mama wa bibi harusi ndiye anayempa moto wake, na mafiga ndiyo moto wenyewe. Aliyafunga kwenye kikapu kwa majani ya migomba, na kikapu hicho nilikibeba mpaka Same, nikakipandisha kwenye treni, nikakishusha, nikakipandisha tena Voi. Mkaguzi wa tiketi alipojaribu kukisogeza kwa mguu aliumia kidole, akaniuliza kama Wapare tumeanza kuuhamisha mlima wetu kipande kwa kipande. Watu wote kwenye behewa walicheka. Mimi nilikumbatia kikapu changu nikanuna mpaka Nairobi.

Nyumba ya Bi Zena ilikuwa ya udongo, na paa la madebe yaliyofunguliwa yakapigwa bapa. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu, vyumba kulia na kushoto, na mwisho ua ambako wapangaji wote walipika. Ilifagiliwa mpaka ungeweza kula chini. Bi Zena mwenyewe alikuwa mwanamke wa Tanga, mtu mzima kunizidi, mjane, hakujaliwa mtoto. Alikuwa na hina miguuni na sauti ya taratibu, na alinipokea vizuri kabisa, jambo ambalo lilinikera zaidi. Nilitakiwa kumwamkia shikamoo. Nilimwambia hujambo, kama ninavyomwambia mtu wa rika langu, na yeye akaitika bila kukunja uso.

Jioni ile alituletea sinia chumbani. Nikafunua kawa, nikakuta makande. Makande yetu, mahindi na maharage, yaliyopikwa na mtu wa Tanga, na juu yake ametia nazi. Nikamtazama baba yako. Akasema, kama jambo la kawaida tu, "Nilimfundisha mimi, nazi kaongeza mwenyewe." Halafu akala. Alikula mpaka akafuta sinia kwa kidole. Roho iliniuma, Eliamani, iliniuma mahali ambapo sikujua kwamba nina mahali. Mimi nilikuwa sijampikia makande mume wangu hata mara moja, na tayari palikuwa na mtu aliyejua anayapenda yalainike kiasi gani.

Kesho yake nikayaweka mafiga yangu uani. Wapangaji wengine walipikia majiko ya makaa, madogo, ya kubeba kwa mkono. Mimi nilichimba pembeni karibu na ukuta, nikayapanga mawe ya mama, nikatafuta kuni. Bi Zena alitoka akayatazama, akacheka kidogo, si kwa dharau, akaniambia, "Mwanangu, umekuja kukaa kweli." Moshi wangu uliingia kwenye vyumba vyote. Hakuna aliyenifukuza. Nami nilijiona nimeshinda, maana wewe unajua kwetu ilivyo. Mwanamke akishaweka mafiga chini na moto ukawaka, pale ni kwake, hata kama ardhi ni ya ukoo mwingine na mumewe aliiomba kwa mtungi wa pombe. Huwezi kumuuliza mke wa mtu anakaa kwa nani. Ni sawa na kumwambia hana nyumba, anahifadhiwa.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo ninapotaka usinifuate mimi.

Baba yako alikuwa na kipande chake, ile karatasi ya ruhusa ya kazi, shingoni na jina lake lilijulikana ofisini. Mimi nilikuwa mgeni, ikabidi niende nikaandikishwe. Bi Zena alitaka twende wote, nikasema najua njia. Nilikwenda peke yangu, nimevaa gauni langu la harusi. Karani alikuwa kijana mpole, mwenye haraka ya kazi tu.

"Mama, unakaa kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa mume wangu."

"Na mumeo anakaa kwa nani?"

"Kwangu," nikasema. "Mafiga ni yangu."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama sikai kwa Bi Zena binti Salimu, maana mume wangu ameandikwa pale. Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha. Lakini nilisikia jina lile limetoka kinywani mwa mtu mwingine tena, kama bahasha inayosema, nikajibu kwamba sikai kwa mwanamke yeyote. Akaandika. Nikarudi nyumbani ninatembea kifua mbele.

Haikupita muda akaja askari na habari kwamba mimi nimekana kuwa na makazi, na asiye na makazi atoke mjini. Baba yako alikaa kitandani, mikono kichwani. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba hapa hawaulizi moto ni wa nani, wanauliza paa ni la nani. Bi Zena alisikia kutoka ukumbini. Akavaa buibui lake, akaja akanishika mkono kama unavyomshika mtoto aliyevunja kitu dukani, akanirudisha ofisini. Mbele ya karani yule yule alisema, "Huyu anakaa kwangu. Mafiga yake yako uani kwangu, njoo uyaone kama unataka."

Karani alicheka, akaandika upya. Unaona alivyofanya? Hakunifanya mwongo. Alitaja paa lake na akataja na mawe yangu. Mtu mwenye akili angemshukuru. Mimi njiani nilitembea hatua chache mbele yake, na tulipofika nikaingia chumbani nikafunga mlango. Angeniacha nifukuzwe ningemchukia nikamaliza. Alinisaidia, nikabaki na deni la moyoni nisilotaka kulilipa.

Wewe ulizaliwa katika chumba kile, cha pili kushoto ukiingia. Bi Zena ndiye aliyenishika mgongo. Baada ya hapo nikaugua kifua muda mrefu, nikawa sina nguvu za kukubeba, na yeye akawa anakubeba. Alikuogesha, alikupikia uji, alikuimbia nyimbo za kwao ambazo sikuzielewa nusu. Nilikuwa nikilala mle ndani nasikia unacheka uani, nikijiambia ni vizuri mtoto anacheka, na meno yangu yameumana.

Siku moja, nimepata nafuu, nimekaa mlangoni kwenye mkeka na wewe uko mbele yangu unashikilia kigoda. Bi Zena akatokea na ndoo ya maji kutoka bombani. Ukamtazama, ukanyoosha mikono yote miwili, ukasema, "Mama." Ndilo neno lako la kwanza. Mimi nilikuwa nimekaa karibu zaidi.

Yeye aliona uso wangu. Aliweka ndoo chini, akakugeuza taratibu ukanielekea mimi, akasema, "Mama yako huyu hapa." Hilo nalo likaniudhi. Nani alimpa ruhusa ya kunitambulisha kwa mwanangu?

Usiku wa siku hiyo nikamwambia baba yako tunahama. Akauliza sababu. Nikasema moshi unaniumiza kifua. Akasema, "Moshi ni wa mafiga yako." Nikamnunia mpaka akakubali. Siku aliyokubali nilimuuliza waziwazi kama kabla sijafika alikuwa na jambo na mwanamke yule. Alifikiri, akajibu, "Alinipa mahali pa kulala wakati sina." Mpaka leo sijui kama hilo ni ndiyo au hapana. Nimelala naye miaka yote hii na sijauliza mara ya pili.

Asubuhi ya kuhama, mkokoteni umekuja, vyombo vimepakiwa, nikaenda uani kuchukua mafiga yangu. Nikakuta juu yake pana sufuria ya uji wako. Bi Zena alikuwa ameamka mapema kukupikia uji wa njiani. Mawe yalikuwa ya moto, hayashikiki. Ningesubiri yapoe, lakini kusubiri kulikuwa na maana ya kukaa naye pale, sisi wawili na sufuria. Nikamwacha na uji wake na mawe ya mama yangu, nikaondoka.

Ndipo nilipojifunza vyumba, mwanangu. Cha kwanza tulionyeshwa na bwana aliyekuwa amekaa mlangoni, mkarimu, anatabasamu. Alichukua kodi yetu, na jioni wenye nyumba wakaja wakatuuliza sisi ni nani. Yule bwana alikuwa mpita njia, alipumzika tu kwenye kivuli. Cha pili kilikuwa cha mzee mmoja aliyejaza watu kila chumba kama magunia. Kila baba yako alipomwomba waende ofisini tuandikishwe kwake, alisema kesho. Alikuwa akiogopa watu wa ofisi wasije kuhesabu vichwa. Kwa hiyo tulikaa pale tukijificha, na ofisini tuliendelea kuandikwa kwa Bi Zena, na huku nyumbani watu walijua tuko kwa Bi Zena. Baba yako alitaka kwenda kumwambia tulikohamia. Nikamkataza. Nilimwambia akikanyaga kule asirudi.

Siku moja nipo ndani nakuogesha, nikasikia sauti ya taratibu barabarani inauliza kama hapa wanakaa Wapare wenye mtoto mdogo. Nikachungulia kwenye ufa. Buibui lilikuwa limejaa vumbi mpaka magotini, inaonekana ametembea mitaa mingi. Nikamwomba mwanamke wa chumba cha mbele amwambie hakuna watu kama hao. Akamwambia. Bi Zena akasema basi akiwaona awaambie kuna mtu ametoka kwao na neno, waje upesi. Jirani akaja akanieleza. Na mimi nikasema ni ujanja, anataka tu kumwona mtoto.

Wewe wakati huo ulikuwa unapiga maji kwa viganja, na uliposikia sauti yake uliacha, ukageuza kichwa kuelekea mlangoni. Nikakufunika na taulo.

Habari nilizipata baadaye, na si kutoka kwake. Baba yako alikutana na mtu wa kwetu, wa Gonja, kazini, yule mtu akamshika mkono akampa pole ya msiba. Msiba gani, baba yako akauliza. Ndugu zangu walikuwa wamemtuma kijana wa Maore aliyekuwa anakuja Nairobi, kuniambia mama anaumwa na ananiita. Alikwenda anakopajua, kwa Bi Zena. Bi Zena alimkalisha, akampa chakula, akatoka mwenyewe kututafuta. Alinifikia, Eliamani. Alisimama mlangoni pangu na mama yangu alikuwa bado hai.

Tulipofika huku, kaburi lilikuwa limeanza kuota majani. Kaka yangu aliniuliza kwa nini sikuonekana, nikasema ujumbe haukunifikia. Hivyo ndivyo watu wote wanavyojua, pamoja na wewe. Ndipo nilipomwapisha baba yako. Alidhani namchukia Bi Zena kwa sababu ya mume. Nilikuwa nimemchukia kwa sababu yake, halafu kwa sababu yako, na sasa nilimchukia kwa sababu aligonga mlango na mimi nikaufunga.

Kwa hiyo ukiulizwa unakaa wapi, usidhani ni serikali tu inayouliza. Anuani ndiyo njia ambayo mgonjwa wa kwenu ataipita akikutafuta. Mwenye nyumba anayekwambia kesho, kila siku kesho, huyo hana mahali pa kukupa, hata kama chumba chake kina dirisha la kioo. Na anayesimama na wewe mbele ya karani akasema huyu ni wangu, huyo mshike, hata kama mama yako anasaga meno.

Ninasaga meno hata sasa ninapoandika. Usifikiri uzee umenitoa gere. Kuna siku baba yako alirudi kutoka sokoni Same na nazi moja, akaiweka mezani, akatoka. Nikaitazama ile nazi nikijua kabisa imekuja kufanya nini nyumbani kwangu. Nikampelekea jirani. Siku ile tulikula makande makavu, naye akasifia kupita kiasi.

Na kuna jambo ambalo nimelimeza tangu mwaka jana. Mtoto wa binamu yangu aliyekuwa Nairobi alipita hapa, nikamuuliza habari za Pumwani kwa kuzungukazunguka, wewe ulikuwa shambani. Akasema Bi Zena yupo, amezeeka, macho yamepungua nguvu, nyumba ni ileile na vyumba vinapangwa. Akasema uani kuna mafiga ya mawe, kitu cha ajabu kule mjini, na wapangaji wapya wakitaka kuyatoa ili wapate nafasi anawakataza. Anawaambia yana mwenyewe.

Nilikwenda kuchota maji nikakaa kwenye ndiva, bwawa letu la mfereji, mpaka mtungi ukafurika.

Ninajua yatakayotokea. Atakujua kwa sauti, kabla hujajitambulisha. Atasikia ukikohoa usiku. Atajua umekonda au umenenepa, atajua ukipata mchumba kabla sijajua mimi, na Jumamosi utakula makande yenye nazi ukafuta sinia kwa kidole kama baba yako. Mimi nimekulea nimekufikisha hapo ulipo, na yeye atakupata ukiwa umekamilika, huna hata jino la kuota. Ninaona gere, mwanangu. Ninaiandika ili isinikae kooni kesho tutakapoagana.

Ukishuka stesheni ya Nairobi ulizia Pumwani, kila mtu anapajua. Ukifika, ulizia nyumba ya Bi Zena binti Salimu wa Tanga. Mwamkie shikamoo, na ukishamaliza yako mwamkie tena mara ya pili, hiyo ni yangu, niliibakiza. Mwambie ukweli kwamba unatafuta chumba na mtu wa kusimama nawe ofisini. Atavaa buibui lake kabla hujamaliza kusema. Karani akikuuliza unakaa kwa nani, taja jina lake kwa sauti, usimung'unye. Ndani ya sanduku lako nimetia mfuko wa mahindi na maharage ya shamba la juu, mapya. Nimeyachagua mwenyewe, jiwe hutalikuta. Ni yake. Nazi anayo.

Sasa nimesikia baba yako ameacha kugonga. Nitamwita ndani, nitamwambia nimekuandikia jina, kwa hiyo kiapo chake kimekwisha, alitaje akitaka. Nitamtazama usoni atakapolitaja.

Na wewe ukiingia uani, tazama pembeni karibu na ukuta. Unajua kwetu ilivyo: mwanamke aliyeacha mafiga yake mahali hajahama. Ofisini wewe utakuwa mpangaji wa Bi Zena, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini mbele ya mawe yale umefika kwa mama yako, kwa hiyo usikae kama mgeni. Chukua kuni uwashe. Mwambie aliyewasha ni mimi.

Na siku moja, umekula umeshiba, ukajikuta umemwita mama kama ulivyomwita mara ya kwanza, usiniandikie. Habari nyingine zote niandikie. Bahasha ya kukujibu nimekwisha kuiandaa, jina lake liko juu, na karatasi haikutoboka.

Ni mimi mama yako,
Naelijwa